Mifuko Miwili ya Shangazi Nakundwa

Husby, Stockholm, alasiri

Mwanangu Namsifu,

Shangazi yako Nakundwa hakukosea kuandika majina kwenye mifuko ya udongo. Aliandika sawasawa. Aliyekosea ni mimi, na ile hadithi uliyoisikia tangu utotoni, iliyokuchekesha wewe na kila aliyewahi kunywa kahawa mezani kwetu, niliitunga mwenyewe ili kosa langu lipate mtu mwingine wa kulibeba. Nimeificha kweli hii kwa zaidi ya miaka thelathini. Mama yako haijui. Nitamwambia leo akirudi kutoka kazini, kwa mdomo wangu, kabla hajavua koti.

Wewe nakuandikia kwa sababu kesho unaondoka kwenda Upare, na wiki yako ya kwanza utalala nyumbani kwa Nakundwa, na begi lako limejaa mifuko mitupu ya kuchotea udongo wa wakulima. Sikubali uingie kwake na uongo wangu kichwani.

Habari za sindano, chandarua na vyeti siziandiki. Mama yako amekuandikia orodha ya kurasa mbili, na nilikusikia jana ukimjibu kwa Kiswidi kwamba una miaka ishirini na saba. Yeye akajibu kwa Kiswahili kwamba malaria haiulizi umri. Mlinifurahisha wote wawili.

Wala usinihurumie unaposoma. Daktari amesema mapafu yangu hayatafika msimu wa theluji. Alilisema kwa upole mwingi, kichwa amekiinamisha upande mmoja, nikamwambia anyooshe kichwa azungumze na mtu mzima. Wale wa hemtjänst, wahudumu wa wazee majumbani, wanaokuja asubuhi kunivisha soksi huniuliza kama nimefikiria kuhamia nyumba ya wazee. Nimewajibu hapana mara tatu, kwa Kiswidi kisicho na kosa. Mchungaji ananiambia niyaache yaliyopita, nipumzike. Sipumziki. Anayetaka kunipumzisha angoje nimalize kuandika.

Unajua nilikuja huku kusoma kuvu za udongo wa mashamba. Hujui nilivyoipenda kazi ile, kwa sababu nilikuja kuizungumzia kama mtu anavyozungumzia ndugu aliyegombana naye. Ninyi mnachukua udongo kidogo, mnatoa vinasaba vyake, mashine inawasomea orodha ya majina. Sisi tulikoroga udongo ndani ya maji, tukayapunguza makali mara kumi, na mara kumi tena, kisha tukamwaga matone kwenye sahani za kioo zenye rojo la viazi na sukari. Tukangoja. Siku ya nne sahani ilikuwa na kijani cha aina mbili tatu, weusi kama masizi, na pamba nyeupe iliyoanza kuwa na rangi ya zambarau kwa chini. Hiyo ya zambarau ilikuwa fusari. Ukiiweka chini ya hadubini unaona mbegu zake zimepinda kama mundu. Nilikuwa naweza kukaa mbele ya miundu ile mpaka nikasahau kula. Shamba ambalo watu wanapita juu yake na viatu vyao lilikuwa na wakazi wengi kuliko Stockholm nzima, na mimi, mtoto wa Upare, nilikuwa nawaita mmoja mmoja kwa jina. Sioni aibu kwa kiburi kile, ila kwa nilichokifanya baadaye ili nisikipoteze.

Nilikuwa pia naandika kijitabu cha Kiswahili kwa ajili ya wakulima wa kwetu. Kila jioni nilitafuta maneno. Neno kuvu niliona halizoeleki, basi nikaamua katika kijitabu changu kuvu zote niziite ukungu, maana ndivyo tulivyoita vile vinavyoota kwenye mahindi yaliyolowa. Ukungu wa kijani, ukungu mweusi, ukungu wa mizizi. Nililiandika neno hilo mara nyingi mno hata likabaki na maana moja tu kichwani mwangu. Kumbuka jambo hili.

Ndipo ikaja barua ya Nakundwa, pamoja na mifuko miwili ya udongo. Ililetwa na msafiri wa kanisani kwa kibali cha maabara. Barua ilikuwa fupi, kama alivyo yeye: "Kaka, maharage yananyauka. Wewe ndiye unayejua mambo ya udongo. Nimekuletea wa mashamba yote mawili, unitazamie, uniambie msimu huu nipande wapi." Ndani ya kila mfuko alitia kipande cha karatasi ya daftari. Kimoja kiliandikwa BONDENI. Kingine kiliandikwa UKUNGU.

Bondeni nililijua. Lilikuwa shamba la baba, nilipalilia humo tangu nina miaka sita, na kumbukumbu yangu yote ya shibe imetoka humo. La pili sikuwahi kuliona. Nakundwa alilipata nikiwa nimeshaondoka, kwa kumtoa ng'ombe wake, na liko juu kabisa, mahali ambapo mpaka saa nne asubuhi humwoni jirani yako kwa ukungu. Ndiyo maana wenyeji waliliita Ukungu, na ndiyo maana dada yangu aliandika hivyo. Aliandika jina la shamba. Mimi nikasoma jina la ugonjwa. Nikadhani ananiambia: huu ndio udongo wenye ukungu, huu ndio ulioharibika.

Cheka ukitaka. Mtu wa milimani anakaa Ulaya miaka minne, kisha anasahau kwamba ukungu ni kitu kinachotanda asubuhi.

Nilimwaga matone. Sahani za Ukungu zilijaa fusari kutoka ukingo hadi ukingo. Sahani za Bondeni nazo zilikuwa na fusari, ila zimechanganyika na wengine. Nikaona nilichokuwa nimeshaamua kukiona. Sasa sikiliza kitu ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa, nami nilikijua: fusari nyingi hazidhuru. Zinakaa kandokando ya mizizi, nyingine hata zinawazuia wabaya wasipate nafasi. Na mwema na mbaya wana miundu ileile. Hadubini haiwatenganishi. Njia ilikuwa moja, kupanda mmea kwenye udongo ule na kuungoja.

Pale maabara alikuwapo fundi mmoja, mama wa makamo aitwaye Gunvor, mtoto wa mkulima, mwenye vidole vinene na ulimi mkali. Alizikuta sahani zangu nimezipanga dirishani kama mtu aliyepanga vikombe vya ushindi.

"Nzuri," akasema. "Na umepanda?"

"Bado. Nina semina wiki ijayo."

"Sikukuuliza habari za semina. Nimekuuliza, umepanda maharage?"

"Gunvor, tazama hii rangi. Hii inajieleza."

"Rangi!" akasema. "Baba yangu alinunua ng'ombe kwa kutazama rangi. Mara moja tu."

Nilicheka, nikaenda kwenye semina na sahani zangu na picha zangu. Nilisema nimetambua kuvu inayoua maharage katika milima ya kwetu. Profesa alisimama kunipa mkono mbele ya watu. Kwenye ukumbi ule wa kuta nyeupe nilikuwa Mwafrika peke yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike hakuna aliyenisemesha polepole. Siku ileile nilimwandikia Nakundwa: "Shamba la Ukungu limejaa ugonjwa, usipande humo kitu. Maharage yapande yote Bondeni. Kama yatasumbua Bondeni, basi ni mbegu, badilisha mbegu."

Akafanya nilivyomwambia. Shamba la juu akaliuza kwa mtu aliyepanda mikaratusi mpaka mpakani. Mbegu mpya akazipanda Bondeni, zikageuka manjano, mizizi ikawa myekundu kama kutu, ikaoza. Msimu uliofuata vilevile, na wa tatu vilevile. Baada ya hapo aliteremka tambarare kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kuanika nyuzi juani, na binamu yako mkubwa akaacha shule akiwa kidato cha pili ili awaangalie wadogo zake. Utamwona Nakundwa mikono yake. Vidole viwili havikunjiki. Ni mkonge ule.

Aliniandikia akiwa hukohuko tambarare. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Kaka, ilikuwaje?"

Nami nikamjibu kwamba bila shaka alichanganya mifuko. Kwamba aliandika BONDENI kwenye udongo wa juu na UKUNGU kwenye udongo wa chini, kwamba kwa upande wangu vipimo vilikuwa sahihi, ila vilipimwa kwa majina aliyoyageuza yeye. Akaniamini. Alikumbuka kwamba aliifunga mifuko ile alfajiri, kwa mwanga wa koroboi, akimkimbilia msafiri. Jibu lake lilikuwa na mistari miwili: "Basi ni mimi mwenyewe. Nisamehe kaka, nimekuaibisha mbele ya wazungu."

Nilisoma mistari ile nikaikunja. Na siku zilivyopita nikaanza kuisimulia kama kichekesho.

Unaikumbuka ile Jumapili Rissne, kwenye ukumbi wa kanisa, ulipokuwa na miaka tisa? Wafula, yule Mkenya dereva wa basi, alinipigia kelele kutoka upande wa pili wa meza: "Daktari wa matope! Hebu wape wageni ile ya sista yako na mabegi!"

Nikawapa. Niliigiza mpaka sauti ya Nakundwa. Wafula alicheka akapiga meza, akasema, "Huyo angekuwa posta, barua zote za Nairobi zingeenda Kampala!" Watu wakavunjika mbavu, nawe ukacheka kuliko wote, mdomo umejaa andazi. Mwanamke mmoja tu hakucheka, Mama Furaha wa Bukavu. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Na dada yako, yeye alisema nini?"

"Aliomba radhi," nikamjibu.

"Ee," akasema. "Aliomba radhi." Akanitazama kidogo, kisha akaanza kukusanya vikombe.

Tangu siku ile mtu akikosea nyumbani kwetu tulisema amefanya Nakundwa. Ulitia chumvi kwenye chai, umefanya Nakundwa. Mama yako alipanda treni ya Hjulsta badala ya Akalla, kafanya Nakundwa. Jina ambalo bibi yako alimpa mtoto wake kwa sababu alipendwa, mimi nililigeuza likawa kitendo cha kukosea, na nikakufundisha kulitamka hivyo kabla hujamwona mwenye jina.

Mwezi uliopita alitupigia simu ya video. Ulimwonyesha tiketi yako. Ulipokwenda kuchukua chaja alinisogelea kwenye kioo, uso wote umejaa, akasema, "Kaka, mtoto akija nitamwomba radhi na yeye. Kazi yako ya shule niliiharibu." Nilianza kukohoa. Kikohozi kilikuwa cha kweli, lakini nilikiacha kiendelee zaidi ya haja. Uliporudi uliniambia, "Pappa, kwa nini shangazi analia?" Nikasema ni mtandao.

Sikiliza sasa ninachokitaka. Mkae wawili, asubuhi, kabla wageni hawajaanza kuja kukusalimu. Umsomee barua hii yote. Macho yake hayaoni tena mwandiko, na wewe Kiswahili chako cha kusoma ni cha polepole. Hiyo ni heri, maana hutaweza kuruka mistari. Usilainishe neno. Usiseme baba alikuwa kijana. Usiseme baba anaumwa. Na nakukataza, Namsifu, kumwomba anisamehe. Nakundwa husamehe kabla mtu hajamaliza sentensi, na mimi sitaki kuponyokea mlango huo. Kama atataka kunitukana, mpigie simu papo hapo, umpe anitukane. Pumzi ya kusikiliza ninayo. Kama ataamua ukoo wote wa Upare ujue, basi ukoo wote ujue, wayasimulie haya msibani kwangu badala ya zile sifa za uongo wanazowapa maiti.

Najua utakavyosema. "Pappa, lägg av, acha hayo, kila mtu hukosea." Uliniambia hivyo nilipounguza wali. Sikubali, na wewe usikubali. Kukosea nilikosea kwenye neno, na kwa hilo ningeweza kulala usingizi. Nakuandikia kwa sababu ya yale niliyoyafanya macho yangu yakiwa wazi.

Kazi yako ni ileile niliyoiacha, ingawa zana zimebadilika. Uliniambia kwamba karibu nusu ya yanayotoka kwenye mashine yenu hayana jina, yanarudi yameandikwa tu kwamba ni kuvu isiyojulikana, na kwamba wakubwa zako hawapendi kuona safu ndefu ya visivyojulikana kwenye ripoti. Waache wasipende. Mimi niliona kusema sijui kungenirudisha kuwa yule mgeni anayesemeshwa polepole, nikasema najua. Na hata jina likija zuri, limekamilika, bado hujaambiwa huyo mwenye jina anakula nini na anamuua nani. Mkulima atakutazama usoni akingoja neno moja, nipande au nisipande, na utaona utamu wa kumpa neno hilo upesi. Naujua utamu ule. Mpaka leo sijaupata kwenye kitu kingine.

Ulikuwa ukinilalamikia utotoni kwa nini kila udongo tulioupata, wa bustani yetu kule Järvafältet, wa kando ya ziwa, hata ule wa makopo ya dukani, ni lazima tutie mbegu za maharage na kungoja wiki sita. Ulidhani ni mchezo wa baba. Ulikuwa ndio ungamo pekee nililoweza kulifanya wakati ule, na nilikufanya ulifanye pamoja nami bila kukuambia.

Na ukifika shambani kwa mtu, kabla hujamuuliza habari za ugonjwa, muulize shamba lake linaitwaje, na kwa nini. Kaa umsikilize mpaka amalize.

Mpaka hapa bado unaweza kunitetea. Unaweza kusema baba alisoma neno vibaya, akatoa ushauri mbaya, akagundua shamba likiwa limeshauzwa, akaogopa, akadanganya. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga uamini. Nilipoanza kuandika saa saba mchana barua ilikuwa iishie hapa, na nilishaitia kwenye bahasha. Nimeichana bahasha. Sijafikisha umri huu, na pumzi hizi za kuhesabu, ili nikuachie uongo wa pili ulio safi kuliko wa kwanza.

Nilipanda.

Baada ya semina Gunvor hakunipa nafasi. Aliweka vyungu vinne kwenye meza yangu, akaniletea na mbegu, akasimama mpaka nikazitia. Viwili vya udongo wa Bondeni, viwili vya Ukungu. Wiki ya tatu maharage ya Bondeni yalianza kugeuka manjano. Nikang'oa moja, mzizi ulikuwa mwekundu, umelainika, unatoka mkononi kama uzi uliooza. Maharage ya Ukungu yalikuwa yanapanda kijiti. Sikumwambia mtu. Gunvor alivitazama vile vyungu, akanitazama mimi, akasema, "Haya. Sasa unajua. Una barua ya kuandika." Nikamwambia nimeshaiandika. Sikuwa nimeiandika.

Wiki ya sita Nakundwa alinipigia simu kutoka posta ya Same. Alitembea tangu usiku kuikamata saa tuliyoahidiana kwa barua. Simu ilikuwa ukutani, mkabala na dirisha lenye vyungu vyangu.

"Kaka, kuna mtu anataka lile la juu. La Ukungu. Anataka jibu kesho."

"Mbona mliliita Ukungu?" nikamuuliza. Ndiyo mara ya kwanza nilimuuliza.

"Mbona! Si kwa sababu ya ukungu! Wazungu wamekusahaulisha kwenu? Asubuhi kule huoni hata jembe lako." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kaka, nina swali. Wewe umesema la juu ndilo bovu. Lakini huko juu sijapanda maharage hata siku moja. Yanayonyauka ni haya ya Bondeni. Mimi sijasoma. Mwenye hadubini ni wewe. Labda ningelijaribu kwanza msimu mmoja?"

Nilifikiri upesi sana, na nafikiri sijawahi kufikiri vizuri vile. Akilijaribu, yatastawi. Yakistawi, Upare yote itajua, na wa kanisani watazileta habari huku, na profesa atasikia, na mkono ule alionipa mbele ya watu atauondoa. Shamba likiwa la mtu mwingine, lenye miti, hakuna atakayepanda harage humo kulithibitisha.

"Kaka, hela ya simu inaisha. Neno lako moja. Niuze, nisiuze?"

Nilikuwa nayatazama maharage yaliyoota kwenye udongo wake wa Ukungu. Yalikuwa yamechanua maua meupe, na hakuna jani hata moja lililokuwa na doa. Nikamwambia, "Uza."